Mlango wa Mbayuwayu

Jumatatu, mwezi 16 Mfunguo Sita

Salme, mjukuu wangu, mbayuwayu wamerudi. Siku ile unapanda basi la Mombasa uliniambia, "Bibi, wakirudi uniambie," na mimi ahadi ya mtoto siichezei. Barua siandiki. Mwaka huu wa sabini na saba barua zinafunguliwa na watu wasiotutakia heri. Naandika katika daftari hili, utalisoma ukija.

Skuli sikuingia hata siku moja, hilo unalijua. Lakini baba yangu alinikalisha mkekani na ubao akanifunza herufi za msahafu, nami kwa herufi hizo hizo nikajifunza mwenyewe kuandika Kiswahili chetu, kama nilivyokufunza wewe. Kibuli hii yote, kilima chetu hapa Kampala, ni mimi na wewe tu tunaosoma hivi, na wewe hupo. Basi nitaandika nitakalo.

Mvua ya kwanza ya masika imepiga tangu alfajiri. Ilipokatika wakaingia wawili, wakapita juu ya kichwa changu kama mshale, wakazunguka sebule mara tatu, wakatua kwenye boriti, pale pale juu ya mkeka ninaposhonea kofia. Koo nyekundu kama kutu, mgongo wa buluu unaometa kama hariri ya bibi harusi. Wakaniangalia. Nikawaambia, karibuni, nyumba yenu. Sindano imenichoma kidole, sikuisikia.

Jumatano, 18

Wanajenga. Udongo wanauchota kwenye kidimbwi cha bomba, kwa Nusura jirani yetu, yule mwenye mdomo kama debe tupu. Kila tonge si kubwa kuliko punje ya choroko.

Jumamosi, 21

Leo kofia haikushonwa hata mshono mmoja. Nimekaa nahesabu. Tangu nilipomaliza kuosha vyombo mpaka adhana ya adhuhuri, tonge mia na kumi na mbili. Mia na kumi na mbili, Salme! Kila tonge analibana mdomoni, anaruka nalo juu ya ua, anapita mlangoni bila kupunguza mwendo, analibandika, halafu analitetemesha kwa kidevu mpaka likamatane na lenzake. Mwashi gani aliyemfunza?

Baba alikuwa akinisimulia ndege wa Ababil, waliotumwa kuliangusha jeshi la tembo kwa vijiwe vya udongo wa kuokwa. Akasema ndio hawa, mbayuwayu. Nikadhani ni hadithi ya kumlaza mtoto. Leo nimeona kidudu chepesi kama jani la mkunazi kikijenga nyumba kwa mdomo, na habari ya tembo hainishangazi tena.

Jumapili, 22

Tumegombana na mama yako. Alirudi kutoka mjini alikokwenda kuuza kofia akakuta mlango wazi, nimeuzuia kwa jiwe la kusagia usipigwe na upepo.

"Mama! Umeacha mlango wazi kwa sababu ya ndege?"

"Kwa sababu ya wageni. Ndege ndio wageni."

"Kampala nzima watu wanafunga milango mchana kweupe, wewe wako unautia jiwe!"

"Nikifunga watapita wapi? Kwenye tundu la ufunguo?"

"Wajenge nje kama ndege wenye akili."

"Sabah, usiku nafunga. Mchana haufungwi."

Akaanza kulisukuma jiwe kwa mguu. Hapo ulimi wangu ukaniponyoka. Nikasema, "Mlango uliofungwa ulimfaa nini Hamdun?"

Aliingia chumbani kwake akafunga huo wa kwake. Wewe ulikuwa na miaka mitano, Salme, ulikuwa umelala. Baba yako Hamdun alikuwa anakunywa chai. Mlango ulikuwa na makomeo mawili. Gari lililomchukua halikuwa na namba. Mpaka leo mama yako si mke wala si mjane, na kanzu ya Hamdun anaifua kila Ijumaa kama atakayeivaa. Mimi nimeshapita miaka sitini na bado sijajifunza kuufunga mdomo.

Jumatatu, 23

Nimempikia mama yako mbaazi za nazi. Amekula. Jiwe hakuligusa.

Ijumaa, 27

Kiota kimekwisha, kama nusu ya kikombe iliyobandikwa boritini. Sasa wanatandika. Nusura alikuwa ananyonyoa kuku uani kwake, nikamwomba manyoya. "Ya nini, Bibi? Unajaza mto?" Nikamwambia aone mwenyewe. Nikasimama mlangoni nikapuliza unyoya mmoja mweupe, ukapanda, ukapepea. Mbayuwayu akatokea sijui wapi akaudaka hewani, akaingia nao ndani kama bibi harusi na shela. Nikapuliza wa pili. Wa tatu. Nusura na mikono yake yenye damu ya kuku akaja kusimama karibu yangu, kimya. Nusura, kimya! "Bibi," akasema, "kumbe hii dunia bado iko na vitu mizuri." Halafu akaharibu, akaanza habari za sukari iliyopotea madukani.

Alhamisi, mwezi 3 Mfunguo Saba

Nimefunga kioo kwenye mwiko nikakiinua. Mayai matatu, meupe, madoa ya kahawia kama yamerushiwa chai.

Jumapili, 6

Mvua.

Jumatano, 9

Mvua. Jike yuko juu ya mayai, jicho lake moja kwangu. Mimi nashona, yeye anaatamia. Hatuna haraka.

Ijumaa, 11

Huyu mpangaji wangu Opoka atanitia dhambini. Unamkumbuka, yule Mwacholi wa polisi, wa bendi, anayekaa katika mzigo, kile chumba cha kupanga cha nyuma. Joska mkewe aliwachukua watoto akaenda nao kwao Kitgum tangu Januari, na tangu hapo Opoka ni pombe na tarumbeta. Leo tarumbeta imelia wakati watu wanatoka msikitini. Jike aliruka kutoka kwenye mayai, akazunguka sebule mara nne.

Nilikwenda dirishani kwake na ufagio. "Wewe! Hicho kibomba chako nitakitia kinyesi cha bata!"

Akatoka, mrefu, macho mekundu, ameshika tarumbeta kama mtoto mchanga. "Pole, Mama. Nimelemewa na hamu ya nyumbani."

"Kuna mayai ya watu yanapoa hapa."

"Mayai ya nani?"

Nikamwambia. Yule bwana akavua kofia. "Mbayuwayu iko ndani ya nyumba? Mama, kwetu mama yangu hakuruhusu mtu kugusa nyumba ya hiyo ndege. Mimi nitapigia mbali." Na kweli, jioni nilisikia tarumbeta ikilia mbali sana, upande wa reli, ndogo kama mbu. Haikuwa mbaya, ilivyokuwa mbali.

Jumamosi, 19

Wametoka! Asubuhi nimekuta ganda sakafuni, jembamba kama kucha ya mtoto. Nikainua kioo. Leo makinda watatu, uchi, vipofu, vichwa vizito kuliko shingo. Mama yao alipoingia, kabla hajatua, kabla sijamwona mimi, wakafungua midomo mitatu ya njano, mikubwa kuliko miili yao. Wamejuaje? Macho hawana. Wamezaliwa jana usiku. Nilikaa chini. Nimezaa tisa, nimezika sita, nimepokea watoto wa watu wanaozaliwa kwa mikono hii, na bado nilikaa chini.

Na sikia hili: mavi yao yanatoka katika kifuko cheupe, kimefungwa safi, na baba yao anakibeba mdomoni anakwenda kukitupa kule nje. Nimemwita mama yako aone. Alicheka. Kicheko cha kweli, Salme, kile cha zamani.

Jumapili, 20

Leo Wakristo wana Pasaka. Kengele za kanisa la Nsambya zimelia tangu asubuhi na mvua haikuzizuia. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, Opoka akaingia. Hakubisha hodi. Suti ya kanisani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Akasimama katikati ya sebule akitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Mama, mimi nimekwisha."

"Umekwisha unasimama? Kaa."

Hakukaa. Mfagizi wa kanisa alimnong'oneza katikati ya ibada kwamba kuna watu watatu mlangoni wanauliza jina lake. Katoka kwa mlango wa watumishi, kapita mabondeni. Wenzake wanne wa bendi, wa kwao, wa lugha yake, wamechukuliwa tangu serikali ilipoanza kuwasaka Waacholi mwezi wa pili, na hakuna aliyerudi. Haya yote aliyasema kwa sauti ya chini, kama anasoma majina ya marehemu.

Mama yako akatoka chumbani. Nilidhani atapiga kelele. Alikwenda moja kwa moja mlangoni akalitia mguu jiwe.

"Sabah, acha."

"Mama, mtu yuko ndani!"

"Ndiyo maana. Mlango huu umekuwa wazi wiki tano. Mtaa wote unajua uko wazi kwa sababu ya ndege. Tukiufunga leo, Nusura atauliza kabla mvua haijakatika, na akiuliza Nusura ameuliza kila mtu. Na hao," nikaonyesha juu, "wana siku moja duniani. Ukifunga, watakufa kabla ya magharibi."

Akaniangalia mimi, akamwangalia Opoka, akaangalia juu. Mbayuwayu akapita katikati yetu watu watatu na nzi mdomoni. Mama yako akatoa mguu kwenye jiwe.

Tumemweka katika kichumba cha makaa, nyuma ya pazia. Mlango hakina. Baina yake na dunia ni kitambaa cha maua.

Jumanne, 22

Watu wa gari lisilo na namba walikuja wakavunja chumba cha Opoka, wakachukua redio na tarumbeta. Kwetu hawakuingia. Nimeshona mchana wote, mishono imepinda kama mkojo wa ng'ombe.

Alhamisi, 24

Opoka anawasikia ndege lakini hawaoni. Amekaa juu ya gunia, vidole vyake vitatu vinabonyeza gotini, anapiga tarumbeta ambayo haipo. Napika huku namnong'onezea.

"Sasa ni baba. Ameleta kereng'ende."

"Najua. Hiyo ya baba inaingia na sauti moja, ya mama inaingia na sauti mbili."

Nimekaa chini yao wiki tano sikuligundua hilo! Nikasikiliza. Kweli. Mama anasema mara mbili.

"Na mmoja ni mdogo, Mama," akasema. "Yeye analia nyuma ya wengine. Angalia kama anakula."

Nikainua kioo. Yupo, wa tatu, amebanwa chini ya ndugu zake. Nilidhani huyu mtu ni mlevi mwenye kelele. Kumbe ni sikio tupu, mtu mzima mwenye sikio moja kubwa, na pombe ilikuwa ya kulifunika.

Jumamosi, 26

Wamefumbua macho.

Jumapili, 27

Kumbikumbi wametoka baada ya mvua, hewa yote mbawa. Wazazi wameingia na kutoka mpaka nikashindwa kuhesabu. Yule mdogo amekula, nimemwona. Opoka nimempa kumbikumbi wa kukaanga na chumvi, akalia. Alisema ni chumvi.

Jumatatu, 28

Utanisamehe mwandiko.

Walikuja saa nne asubuhi. Askari watatu, mlango kwa mlango, kwa sababu mtu aliwaambia Mwacholi wa bendi alionekana akipanda kilima cha Kibuli siku ya Pasaka. Mama yako alikuwa mjini. Kila nyumba nilisikia: piga, piga, fungua. Kwangu hapakuwa na cha kupiga. Wakasimama kizingitini, hawajui waanzie wapi.

"Kwa nini mulango iko wazi?" akauliza mkubwa wao.

Kabla sijajibu, Nusura akapaza sauti kutoka bombani: "Afande, huyo Bibi kichwa yake imekwenda na ndege! Toka mwezi wa tatu analala na ndege! Ukifunga mulango atakupiga na mwiko!" Wale wawili wakacheka. Mungu amjaze debe lake, huyo mwanamke. Nimemsema vibaya miaka kumi.

Wawili wakazunguka nyuma kwenye mizigo, vyumba vya wapangaji. Wa tatu akaingia kwangu. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, chale tatu shavuni, bunduki mgongoni.

"Salaam aleikum, Bibi."

"Aleikum salaam. Viatu."

Akaangalia viatu vyake. Akavivua! Akaingia na soksi yenye tundu. Akafungua sanduku, akainama chini ya kitanda cha mama yako, akarudi sebuleni, akaenda kwenye pazia la maua. Mkono wake ukashika kitambaa. Mimi nilikuwa mkekani, kofia mkononi, na moyo wangu umesimama, Salme, nasema umesimama, nilikuwa nausubiri.

Jike akaingia. Aliingia kama anavyoingia siku zote, kwa kasi ya wazimu, sauti mara mbili, na yule askari alikuwa kwenye njia yake. Akampitia sikioni. Kijana akapiga ukelele, akainama, kofia yake ikaanguka, na juu yake makinda watatu wakalipuka kwa njaa kama skuli nzima imeachiwa. Akainua macho. Akasimama hivyo, kinywa wazi kama wao. Jike akatia mdomo wake katika koo la mmoja mpaka machoni, akatoka. Baba akaingia. Akatoka. Jike tena.

"Allah," akasema taratibu. "Iko ngapi?"

"Watatu."

Akainama kuokota kofia yake, na pale pale mkekani, karibu na kofia, lilikuwa daftari hili.

Alilifungua kutoka kulia. Nikajua. Ukurasa wetu unafunguka kutoka kulia, na mtu asiyejua huanzia kushoto. Akaweka kidole juu ya mstari, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa chuoni anayeogopa fimbo: "Le-o. Ma-kin-da. Wa-ta-tu. U-chi. Vi-po-fu..." Akacheka peke yake. "Bibi! Wewe unaandika habari ya ndege?"

"Namwandikia mjukuu wangu."

"Mimi nilisoma hii Arua. Mwalimu alinipiga mpaka hapa." Akasoma kifuko cha mavi, akacheka tena, akasoma mama yako alivyocheka. Alifurahi, yule kijana, alikuwa amesahau bunduki. Halafu akafungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ni Pasaka. Nenda ukautazame, Salme. Nimemwandika Opoka kwa jina lake, na kichumba cha makaa, na pazia la maua. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nilidhani hapana mwingine duniani ajuaye herufi za baba yangu. Nilimficha mtu nyuma ya kitambaa na kumweka wazi juu ya mkeka.

Aliacha kusoma kwa sauti. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Kidole kilikuwa kinakwenda, mstari kwa mstari, polepole, mpaka chini. Mvua ikaanza, matone makubwa, kwenye bati. Kidole kikafika mwisho. Hakuinua kichwa. Aliinua macho tu, akalitazama pazia. Hakulitazama kwa muda mrefu.

Nilitaka kusema mwanangu. Nilitaka kusema una mama. Mdomo huu ambao haujawahi kufungika ulikauka.

Akalifunga daftari. Akalibusu, akaligusa kwenye paji la uso wake, kama tunavyofanya kwa kitabu kitukufu, akaniwekea mapajani.

"Vipi huko ndani?" mkubwa wao akaita kutoka uani.

"Hapana kitu!" akajibu. "Nimeangalia yote. Bibi na ndege yake."

Alivaa viatu akiwa amechuchumaa kizingitini, nami nikaona kamba ya kiatu imemshinda kuifunga. Akaniambia bila kunitazama, "Bibi, Ijumaa tunarudi, na haitakuwa mimi." Akatoka mvuani. Sikumuuliza jina. Nimekaa miaka sita nikisema hawa wote ni mbwa wa mama mmoja.

Jumanne, 29

Sikulichoma daftari. Nililitia motoni ncha, nikalitoa. Nikimaliza kuandika nalifukia kwenye pipa la unga, na ninaandika mlango wa chumbani umefungwa.

Nilimwambia mama yako kila kitu, hata ujinga wangu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliondoka akarudi na kanzu ya baba yako, imepigwa pasi, na mfukoni tikiti ya kodi, ile askari wanayoiuliza vizuizini, yenye jina la Hamdun.

"Kesho nakwenda Busia, mpakani na Kenya, kununua vitambaa," akasema. "Nakwenda na mume wangu. Ana jino linamuuma, hawezi kusema."

"Sabah..."

"Mama, usiseme. Safari hii usiseme."

Tumemfunga Opoka kitambaa shavuni, tumemtia karafuu mdomoni. Kiswahili chake cha polisi kingemuuza kwenye kizuizi cha kwanza, lakini mwenye jino hasemi. Kofia niliyoishona tangu siku ile walipoingia mbayuwayu, ya mteja wa Katwe, nimemvika yeye. Imemkaa kama alizaliwa nayo. Kanzu fupi, lakini wagonjwa hawaangaliwi miguu.

Jumatano, mwezi 1 Mfunguo Nane

Walitoka asubuhi, kwa mlango huo huo, mchana kweupe, mama yako mbele, Opoka nyuma ameshika shavu. Chini ya boriti akasimama. Siku kumi aliwasikia, leo ndiyo mara ya kwanza kuwaona. Manyoya yamewatoka, wamejipanga ukingoni, koo zinaanza kutu. Alimtafuta kwa macho yule mdogo akampata. Akaniinamia, akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa changu kama mimi ndiye mtoto. Nusura alikuwa bombani. Aliwaangalia wanapita. Akasema kwa sauti, "Safari njema, Baba Salme! Pole na jino!" na akageuka kukinga maji yake.

Ijumaa, 3

Askari walikuja, wengine. Walipekua, walilipasua pazia la maua kwa kisu. Makaa tu.

Jumatatu, 6

Mama yako hajarudi. Kwenda Busia na kurudi ni siku tatu.

Jumatano, 8

Hajarudi. Kalooli, wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni, wala mizoga, wameonekana wengi wakizunguka juu ya msitu upande wa barabara ya Jinja. Wapo wanaosema ni jalala jipya. Sitazami juu tena nikiwa nje. Natazama juu nikiwa ndani.

Wanapiga mbawa wakiwa wamesimama ukingoni, wanapiga mpaka kiota kinatikisika, na miguu haijaachia.

Ijumaa, 10

Wa kwanza ameruka. Alikuwa ukingoni, na mara hakuwapo. Nimeangalia sakafuni, hayupo. Alikuwa nje, juu ya ua, juu ya bomba, anakwenda kama aliyekwisha kuruka miaka mia. Hakujaribu, hakufundishwa. Nilipiga kigelegele peke yangu, mwanamke mzima, Nusura akaja mbio akidhani Sabah amerudi. Alipoona ni ndege akakaa nami. Tulikaa mpaka alasiri.

Jumamosi, 11

Wa pili, baada ya dhuhuri. Yule mdogo amebaki. Wazazi wanaingia na chakula mdomoni, wanakaa kwenye komeo la mlango wanamwonyesha, hawampi. Analia. Nimemwambia, mwanangu, njaa ndiyo mbawa. Halafu nikaona kwamba mwanangu ninayemwambia ni Sabah.

Jumapili, 12

Saa ya alasiri nilikuwa na mgongo mlangoni. Nilisikia nyayo, nikajua. Nyayo za mtoto wako unazijua hata zikirudi bila viatu.

Mama yako amerudi kwa miguu kutoka Mukono, basi lilizuiwa. Vitambaa hakuna. Uso wake wote ni vumbi, midomo imepasuka. Alikaa siku nane Busia ndani ya ghala la samaki la watu asiowajua, mpaka mvua kubwa iliponyesha usiku na walinzi wa mpaka wakaingia kujikinga. Hakukaa chini kunieleza. Alisimama katikati ya sebule, pale pale Opoka alipokuwa amesimama.

"Amevuka, Mama. Amevua kanzu mtoni akanirudishia. Nilimwambia avae. Ameivaa."

Niliposikia kwamba kanzu ya Hamdun imebaki Kenya nikamwangalia. Hakuwa analia. Nikamletea maji, akanywa mtungi wote.

Nikamwonyesha juu: "Huyu ndiye amekusubiri." Akainua uso. Yule mdogo alikuwa ukingoni, mbavu zinakwenda. Baba yake kwenye komeo, kereng'ende mdomoni, mbawa za kereng'ende zinametameta. Tulisimama wawili, shingo zimekunjwa, kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu kinda akaanguka. Nasema akaanguka, kwa maana mwanzo ndivyo ilivyokuwa, kama jiwe kutoka boritini, na mama yako akatoa mikono miwili kumdaka. Akapita juu ya vidole vyake. Upepo wa mbawa, anasema, aliusikia kwenye kucha. Akatoka mlangoni.

Kiota kitupu. Nyumba yote ikanyamaza, kimya nilichokuwa nimekisahau. Mawingu yakapanda upande wa ziwa, upepo wa mvua ukaingia, ukausukuma mlango mpaka jiwe likateleza na mlango ukajibamiza.

Nikasema, "Haya, Sabah. Ndege wamekwenda. Kama unataka, tia komeo."

Alikuwa tayari amekwenda mlangoni, miguu inavuja damu. Aliufungua mlango mpaka mwisho, akainama, akalivuta jiwe la kusagia kwa mikono yake miwili akalirudisha mahali pake. Akakaa juu yake, akatazama nje, mvua ikaanza kumnyeshea miguu.